Sura ya Tano: Mikono Iliyotoka Uani

Nyumba za kale za bonde la Fergana, mashariki mwa Uzbekistan, zilijengwa kwa pande mbili. Upande wa nje uliitwa tashqari. Hapo mwenye nyumba alipokea wageni wake, wakanywa chai ya kijani na kuzungumza habari za pamba na hariri. Upande wa ndani uliitwa ichkari, na mwanamume asiye wa nyumba ile hakutia mguu huko. Msomaji aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe hana haja ya maelezo marefu: kule ni barazani, huku ni uani.

Uani huko ndiko ilikolelewa ngoma ninayoisimulia katika sura hii. Siku ya arusi, au siku mtoto mchanga alipolazwa kwenye susu lake kwa mara ya kwanza, wanawake walikusanyika ichkari, wakafunga mlango, na mmoja wao akashika doira. Doira ni ndugu wa tari letu: duara la mbao lililowambwa ngozi, na jina lenyewe limetoka shina lile lile la Kiarabu lililotupa neno “duara”. Ndani ya mzingo wake hutundikwa makumi ya pete ndogo za chuma, nazo hulia kila mpigaji anapotikisa mkono. Kabla ya kupigwa hupashwa moto ili ngozi ikaze. Mpigaji huanza taratibu, wanawake humsukuma katikati yule wanayejua kwamba ana mwili wa ngoma, naye hukataa, hukataa tena, halafu huinuka.

Akiinuka, usimtazame miguu. Mchezaji wa Fergana hupiga hatua fupi fupi chini ya gauni refu, hata huonekana kama anayeteleza juu ya maji. Kiuno hakizungushwi. Kazi yote ni ya mikono, shingo, nyusi na macho. Kiganja hugeuka kioo, naye hujitazama. Kidole hupita juu ya nyusi kama anayejipaka usma, rangi ya majani ambayo kwa wanawake wa huko ina heshima ya wanja kwetu. Mkono hushuka mpaka kwenye msuko wa nywele, ukakaa hapo. Vifundo vya mikono huzunguka polepole bila kukatika, na vidole huchelewa kidogo nyuma yake, kama majani yanavyochelewa kulifuata tawi lililopigwa na upepo. Mwanamke mtu mzima anaweza kuicheza vizuri kuliko binti wa miaka 18, kwa sababu mtu aliyewahi kungoja, kupoteza na kupatanishwa ana cha kuiwekea mikono yake.

Barazani na kwenye migahawa ya chai, ngoma ilikuwa ya wanaume. Kulikuwa na mafundi wakubwa wa doira, wachekeshaji na wachezaji. Kulikuwa pia na vijana wa kiume walioitwa bacha, wakivalishwa mavazi ya kike na kuchezeshwa mbele ya wanaume wenye fedha. Wengi wao walikuwa watoto wa maskini na walitumiwa vibaya, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo. Hata hivyo mafundi wa barazani ndio walioyapa mapigo majina na kuifanya ngoma kuwa fani ya kufundishwa hatua kwa hatua, kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi. Wanawake wa uani walikuwa na ngoma yao, wanaume wa nje walikuwa na yao, na muda mrefu pande hizo mbili zilisikiana kupitia ukuta.

Aliyeupita ukuta ule alikuwa binti wa Kiarmenia.

Tamara Petrosyan alizaliwa mwaka 1906 kwenye kituo cha reli cha Gorchakovo, jirani na mji wa Margilan. Alikua na watoto wa Kiuzbeki, akaingia uani mwao kama watoto wa kike wote waingiavyo, na huko akaokota nyimbo na miondoko. Familia yake haikuwa ya Kiislamu. Kwa hiyo alipofikia umri ambao wenzake walifunikwa paranja, yeye hakufunikwa. Paranja lilikuwa joho zito lililoanzia kichwani na kushuka mpaka miguuni. Mbele yake liliteremshwa chachvon, pazia lililofumwa kwa manyoya ya farasi, lisiloacha hata tundu la macho. Mwanamke wa Zanzibar aliyevaa buibui la kizamani na ukaya wake bado angeonekana macho. Mwanamke wa Margilan hakuonekana kitu.

Mapema katika miaka ya 1920 Tamara alisimama jukwaani mbele ya wanaume, uso wazi, akaimba kwa Kiuzbeki na kucheza. Watu walimwita Tamara Khanum, yaani Bibi Tamara, na jina hilo ndilo lililobaki katika historia. Vitabu humsifu kama mwanamke wa kwanza kucheza hadharani bila paranja katika nchi ile. Anastahili sifa hiyo, maana jukwaa la siku zile lilikuwa mahali pa hatari kwa mwanamke yeyote. Lakini tukiisema sifa hiyo bila kusema jambo la pili, tunawadhulumu waliomfuata. Tamara alikuwa na kinga ambayo wao hawakuwa nayo: hakuwa na ukoo wa mtaani ambao ungedai kwamba amewavua nguo mbele za watu. Habari ya waliomfuata itakuja.

Mumewe, Muhiddin Qori-Yoqubov, alikuwa mwimbaji mwenye sauti kubwa na mpangaji hodari wa kazi za watu. Mwaka 1925 wawili hao walikwenda Paris, kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa za mapambo, na Ulaya ikaisikia nyimbo ya Kiuzbeki ikiimbwa na wenyewe. Mwaka uliofuata Qori-Yoqubov aliunda kundi la muziki na ngoma mjini Samarkand, uliokuwa makao makuu ya jamhuri mpya ya Kisovieti ya Uzbekistan. Kundi hilo liliwakusanya pamoja mafundi wa barazani na wasichana wachache waliothubutu kutoka uani. Kwa mara ya kwanza pande mbili za ukuta zilikaa chumba kimoja na kufundishana.

Fundi mkuu wa chumba kile alikuwa Usta Olim Komilov, mzaliwa wa Margilan wa mwaka 1875. “Usta” kwao ni fundi, na sikio la Mswahili litasikia humo “ustadhi”. Alikuwa mpigaji wa doira asiye na mfano, na nadhani alikuwa mwalimu mkubwa zaidi wa ngoma ya wanawake wa Uzbekistan katika karne nzima, ingawa mwenyewe alikuwa mwanamume na mikono yake ilikuwa imeshika doira muda wote.

Mapigo ya doira huitwa usul. Nasi tunalo neno hilo, usuli, tunalitumia kwa maana ya asili au msingi wa jambo, na wapigaji wa Kiuzbeki hawako mbali na maana hiyo: usul ndio msingi ambao mwili unasimama juu yake. Fundi humfundisha mwanafunzi mapigo kwa mdomo kwanza. Pigo la katikati ya ngozi ni “bum”, zito. La pembeni ni “bak”, kali. Mwanafunzi huyasema mapigo mpaka ayaote, ndipo aruhusiwe kuinua mkono. Usta Olim aliyapanga mapigo ya zamani kuwa mfululizo wa mazoezi ulioitwa Doira Dars, yaani somo la doira. Kila usul una miondoko yake, na usul ukibadilika mwili hubadilika papo hapo, bila kuhesabiwa wala kuambiwa. Mwanafunzi aliyeumaliza mfululizo huo alikuwa amepita katika sarufi yote ya ngoma. Humo kulikuwa na mengi yaliyotoka Katta O‘yin, ile ngoma kuu ya wanaume wa barazani. Kwa hiyo tunapoitazama leo ngoma ya wanawake wa Fergana jukwaani, tunatazama ndoa: uso na vidole vya uani juu ya mifupa ya ngoma ya nje. Wapo wanaoona uchungu kulikubali hilo. Mimi naliona ni jambo la heshima kwa wote wawili, mzee aliyekubali kuwafundisha wasichana siri za kazi yake na wasichana waliozipokea bila kuyaacha ya mama zao.

Ngoma moja iliyozaliwa kati ya Usta Olim na Tamara yaonyesha ndoa hiyo vizuri. Inaitwa Pilla, yaani kifuko cha kiwavi wa hariri. Margilan ni mji wa hariri tangu zamani, na ufugaji wa viwavi ulikuwa kazi ya wanawake majumbani. Mchezaji huwalisha viwavi majani ya mforsadi, huvuta uzi kutoka kwenye kifuko, huusokota, hufuma kitambaa, na mwishowe hukipeleka kwenye nuru akitazame. Hakuna chombo mkononi wala uzi. Kuna vidole na doira tu, na mtazamaji anauona uzi. Mwaka 1935 fundi na mchezaji huyo walikwenda London, kwenye tamasha la kimataifa la ngoma za asili. Mzee alikuwa na umri wa miaka 60 na Tamara miaka 29. Walirudi na medali.

Sasa niwataje walioachwa bila kinga.

Tarehe 8 Machi 1927 chama tawala cha Kisovieti kilianzisha kampeni ya kuwavua wanawake paranja. Iliitwa Hujum, na hapa tena Mswahili hahitaji mkalimani, maana ni hujuma, shambulio. Wanawake waliitwa kwenye viwanja vya miji, wakavua paranja na kuyatupa motoni mbele ya umati. Wapo waliofanya hivyo kwa furaha ya kweli, maana walikuwa wameisubiri siku hiyo. Wapo waliosukumwa na waume zao makada waliotaka kuonekana ni wanamapinduzi. Jioni magari ya viongozi yaliondoka, na wanawake wakarudi majumbani kwa miguu, uso wazi, katika mitaa ile ile. Wanahistoria wanakadiria kwamba wanawake wapatao 2,000 waliuawa nchini humo kati ya 1927 na 1929, wengi wao na watu wa nyumbani mwao au wa mtaani mwao. Wengine maelfu walivaa paranja upya, kwa hofu. Chama kilichowaita uwanjani hakikuwa na mlinzi wa kumweka kwenye kila mlango, na kilijua. Hilo ni kosa lake na halifutwi na neno “maendeleo”.

Wasichana wa jukwaani walikuwa mbele kabisa ya shabaha. Tursunoy Saidazimova, mwimbaji na mwigizaji, aliuawa na mumewe mwaka 1928, akiwa na miaka 17. Nurkhon Yuldasheva alikuwa mchezaji. Alizaliwa Margilan mwaka 1913, akatoroka kwao na kujiunga na kundi la Qori-Yoqubov, akafundishwa, akacheza. Mwaka 1929 kundi lilifika Margilan kwa maonyesho, nyumbani kwake. Alipokwenda kuwaona jamaa zake, kaka yake alimchoma kisu. Alikuwa na umri wa miaka 16.

Mwaka huo huo wa 1913, katika mji wa Fergana, mwendo mfupi tu kutoka Margilan, alizaliwa msichana mwingine, Mukarram Turgunbaeva. Naye alipenda ngoma. Naye aliingia kwenye kundi la wasanii Samarkand akiwa na umri wa miaka 16, na mwaka ulikuwa 1929. Nimejaribu mara nyingi kuwafikiria wasichana hawa wawili, wa umri mmoja, wa bonde moja, wenye mafundi wale wale, na kila mara ninakwama hapo. Ningependa kuandika kwamba Nurkhon angekuwa mkubwa kama Mukarram. Sina haki ya kusema hivyo, kwa kuwa hakupewa muda wa kuonyesha.

Mukarram alipewa miaka 49.

Mwanzoni alicheza kwenye michezo ya kuigiza yenye muziki, kisha kwenye baleti za kwanza za Uzbekistan, siku ambazo walimu wa Kirusi walikuwa wakifundisha vidole vya miguu visimame na mgongo unyooke. Alijifunza yote hayo. Lakini kilichomfanya awe Mukarram ni kwamba aliyarudia ya uani na kuyachukulia kwa uzito uleule ambao wengine waliupeleka kwenye baleti. Aliichukua Tanovar, nyimbo ya mapenzi na majonzi ambayo wanawake wa Fergana wamekuwa wakiiimba na kuicheza kwa namna nyingi, kila mji na yake, akaitungia mpangilio wa jukwaani. Mwanamke mmoja, peke yake. Anaingia kama anayeogopa kusikika. Kwa muda mrefu hafanyi lolote ambalo mtazamaji aliyezoea sarakasi angeliita kucheza: anainua mkono, anauacha ushuke, anageuza shingo kama aliyeitwa kisha akagundua kwamba hakuitwa. Nguvu yote imefungiwa ndani. Inapotoka, inatoka kwenye bega na kwenye nyusi. Baada ya Tanovar alitunga Munojot, ngoma iliyofanana na dua ya mtu mwenye kiu ya kusikilizwa. Wazee wa Tashkent waliokwisha kuzizoea ngoma hizi huzungumza habari za Munojot kwa sauti ya chini.

Mwaka 1957 Mukarram alianzisha kundi lake la wasichana akaliita Bahor, maana yake majira ya kuchipua. Kuanzia hapo mpaka alipofariki mwaka 1978 alikuwa kwanza mwalimu. Bahor lilisafiri nchi nyingi, na kwa watu wa nje hilo ndilo lililokuwa sura ya Uzbekistan: wasichana wenye kofia ndogo za doppi na misuko mirefu, magauni ya atlasi ya Margilan yenye rangi zinazoingiliana kama mawingu, wakizunguka kwa pamoja kama mtu mmoja. Wanafunzi walimwita Mukarram opa, dada Mukarram, kama inavyotakiwa kumwita mwanamke aliyekutangulia na anayekufundisha.

Hapa pana jambo la kupimwa kwa haki. Uani, mchezaji alikuwa mmoja kati ya ndugu zake. Hakuwa na mpangilio wa kukariri. Alimsikiliza mpigaji, mpigaji akamtazama, na ngoma ikatungwa pale pale. Shangazi angeweza kuikatiza kwa kicheko, mtoto angeweza kupita katikati. Jukwaani wakawekwa wasichana ishirini wa kimo kimoja kwenye mstari, mikono ikainuka kwa pembe moja, tabasamu likafunzwa. Mtazamaji akiwa mbali na taa zikiwa kali, nyusi hazionekani tena, basi mkono ukakuzwa na hatua ikaongezwa kasi. Serikali nayo ilitaka furaha: mavuno ya pamba, vijana wenye afya, jua. Majonzi ya mwanamke aliyefungiwa hayakuwa na nafasi kubwa kwenye tamasha la mavuno. Naamini hasara hiyo ilikuwa kubwa, na mtu anayeipenda ngoma hii asione haya kuisema. Lakini bila Bahor, wasichana wa miji mingi wasingewahi kuambiwa kwamba ngoma ya bibi zao ni kazi ya kuheshimiwa na kulipwa mshahara. Na Mukarram mwenyewe hakuiacha Tanovar izame katika mistari. Aliendelea kuifundisha kama ngoma ya mtu mmoja.

Kufundisha ngoma ya namna hii ni kazi ngumu kuliko kuicheza. Hatua ya mguu huelezeka. Mwalimu akisema “kulia, kulia, geuka”, mwanafunzi atafanya. Utasemaje kuhusu nyusi? Utamwambiaje binti wa miaka 12 aangalie chini kwa haya wakati hajawahi kutazamwa? Walimu wa mila hii walifanya kama makungwi wa kwetu wafanyavyo: walikaa na mwali, wakacheza mbele yake, wakamwacha aige bila kuelewa, wakijua kwamba maana itamfikia miaka mingi baadaye na kumkuta mikono iko tayari.

Roziya Karimova, mchezaji wa kizazi hicho hicho aliyezaliwa mwaka 1916, aliona kwamba njia hiyo pekee haitoshi, maana wazee walikuwa wakiondoka. Akageuka mtafiti. Katika miaka ya 1970 alitoa vitabu vitatu mfululizo, kimoja cha ngoma ya Fergana, kimoja cha Khorezm, kimoja cha Bukhara, akieleza mwondoko mmoja mmoja: mkono umekaa wapi, kichwa kimeinama kiasi gani, usul gani unapigwa. Baadaye akaandika kitabu kizima kuhusu Tanovar na namna zake mbalimbali. Mtu wa nje anaweza kukifungua kitabu hicho akakiona kikavu. Mimi nakiona ni moja ya matendo ya upendo mkubwa katika historia ya fani hii, maana mchezaji aliyekwisha kuonja makofi alikubali kukaa mezani, miaka kwa miaka, akiandika viwiko vya watu wengine.

Vitabu vile vitatu vinamkumbusha msomaji kwamba Fergana si Uzbekistan nzima. Bukhara wanawake hucheza wakiwa wamefunga zang, njuga ndogo za shaba, kwenye vifundo vya mikono na miguu, na magauni yao yametariziwa kwa nyuzi za dhahabu, zile tunazoziita zari. Mwili hushikiliwa kwa fahari, mgongo hupinda nyuma, mchezaji hushuka magotini na kuzunguka hapo hapo. Walioishika ngoma hiyo walikuwa sozanda, wanawake wa kazi walioalikwa kwenye arusi kuimba, kupiga doira na kucheza usiku kucha, na wengi wao walikuwa Wayahudi wa Bukhara wakiwatumikia Waislamu na Wayahudi sawasawa. Isahor Akilov, Myahudi wa Samarkand aliyezaliwa mwaka 1914, aliipeleka mila hiyo jukwaani, na binti yake Viloyat akawa mchezaji na mwalimu wa wengi.

Khorezm, kaskazini-magharibi, ni dunia nyingine. Huko ndiko kwenye Lazgi. Mchezaji husimama akiwa ameganda. Kidole kimoja kinatetemeka. Tetemeko linapanda kwenye kifundo, linaingia kiwikoni, linafika begani, na ghafla mwili mzima umewaka. Watu wa huko husimulia kwamba ni roho inayoingia mwilini kwa mara ya kwanza. Kwenye sherehe za wanawake waliotawala ni khalfa, waimbaji wa kike, wengine wakiwa na akodiani magotini, waliojua kumliza bibi arusi na kumchekesha ndani ya saa moja. Mwaka 2019 UNESCO iliiandikisha Lazgi katika orodha ya urithi wa binadamu, na sasa watoto wa Khiva na Urganch wanafundishwa ngoma hiyo shuleni wakijua kwamba dunia inaitazama.

Ngoma imekwisha kuvuka mipaka pia. Mwaka 1973 Tashkent na Seattle ilikuwa miji ya kwanza ya Umoja wa Kisovieti na Marekani kufunga undugu, na mlango huo ulipofunguka wasanii walipita. Mmarekani Laurel Victoria Gray alikwenda kujifunza Tashkent, akarudi kwao kufundisha, na mwaka 1995 akaanzisha kundi la Silk Road Dance Company karibu na Washington. Wapo wanaouliza kama mgeni anaweza kuibeba ngoma iliyolelewa uani mwa watu wengine. Jibu langu ni kwamba Tamara Khanum alikuwa Mwarmenia. Uani ulimpokea kwa sababu alikaa, akasikiliza, akasema lugha yao. Mgeni anayejifunza mwondoko kwenye video siku tatu kisha akaufundisha siku ya nne hajaingia uani, amechungulia ukutani.

Tamara mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Katika nusu ya pili ya maisha yake aliacha kucheza ngoma za Kiuzbeki peke yake, akaanza kuimba na kucheza za mataifa mengine, kila moja kwa lugha yake na vazi lake. Mavazi hayo yamehifadhiwa Tashkent, katika nyumba aliyoishi, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1991 iligeuzwa makumbusho. Bahor nalo lilipewa jina la Mukarram Turgunbaeva. Usta Olim, aliyefariki mwaka 1953, anaishi katika Doira Dars. Hakuna mpigaji wa doira wa Uzbekistan asiyejua kuipiga hata sehemu yake.

Nurkhon alitungiwa mchezo wa kuigiza na Komil Yashin, na katika enzi za Kisovieti akasimamishiwa sanamu Margilan. Baada ya uhuru wa 1991 sanamu hiyo iliondolewa pamoja na nyingine za enzi ile, kana kwamba ilikuwa ya chama. Haikuwa ya chama. Ilikuwa ya msichana wa mji ule aliyerudi nyumbani kucheza mbele ya watu wake. Kila jioni ya arusi Margilan wasichana wanacheza hadharani, uso wazi, kaka zao wakiwapigia makofi. Mji ule una deni kwake, na unapaswa kumrudisha mahali pake.